Mbio za Mama Kwenye Shuka

Neno ninalolichukia kuliko yote katika ufundi ni "dairekti". Pasi ikiungua kidhibiti cha joto, fundi wa mtaani anakikata, anaunga waya kwa waya, anakwambia, "Nimekuwekea dairekti, mzee, itachemka mpaka ushangae." Friji ikigoma, dairekti. Swichi ya pikipiki ikifa, dairekti. Mji mzima wa Moshi unaishi kwa dairekti, halafu nyumba zikiungua tunasema ni mapenzi ya Mungu. Nina kibanda cha ufundi karibu na soko, nimekaa humo zaidi ya miaka thelathini, na nimeshamfukuza mtu kazi kwa neno hilo moja.

Kazi yangu ni vitu ambavyo wenye akili wameshavitupa. Redio za mbao, cherehani za umeme, saa za ukutani, na mara chache projekta, zile mashine za zamani za kuonyeshea filamu nyumbani. Projekta siku hizi huletwa na wenye hoteli wanaotaka pambo la kuweka mapokezi. "Iwake taa tu, mzee, si lazima izunguke." Mashine imetengenezwa ili izunguke, wewe unataka iwake taa! Kanunue kibatari. Nawatazama mpaka waondoke.

Mtu akiniambia projekta yake ina mwendo mbaya, namuuliza kwanza: inachelewa au inakwenda mbio? Ikichelewa, mara nyingi ni uzee tu. Grisi imekauka ikawa gundi, mkanda wa mpira umelegea, unateleza kwenye gurudumu lake. Hayo hayaniumizi kichwa. Ikienda mbio, hapo pana mkono wa mtu. Mashine haizeeki ikazidi mbio yenyewe.

Nayasema haya kwa sababu projekta iliyonitesa kuliko zote ilikuwa ya kwetu nyumbani, Kirua Vunjo, na ilikwenda mbio tangu ujana wangu bila mtu hata mmoja kuuliza kwa nini.

Iliachwa na mwalimu wa misheni, mzungu, alipomaliza muda wake akarudi kwao. Alimwachia baba mashine pamoja na filamu moja aliyoipiga mwenyewe hapo uani kwetu kabla mimi sijazaliwa. Ni ya dakika chache, haina sauti. Mjomba anatoka mgombani na mkungu wa ndizi begani, anautupa chini. Wanaume wamekaa kwenye vigoda, wanapokezana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba yuko katikati yao, bado kijana, amevaa shati jeupe. Kaka yangu mkubwa, mtoto wa miaka minne hivi, amechuchumaa kando ya goti lake. Kisha mama anatokea njia ya chini na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anapita mbele ya wanaume, anaanguka, majani yanatawanyika, anainuka. Basi, imekwisha.

Mashine ilikaa darini miaka mingi ikisubiri umeme. Umeme ulipofika kijijini, filamu ile ikawa sehemu ya Desemba yetu. Wachagga tuna ugonjwa wetu wa Desemba, kila mtu anaujua. Aliyeko Dar, aliyeko Mwanza, aliyeko ng'ambo, wote lazima wapande mlimani, wachinje, wagombane, washuke. Sisi siku ya pili ya Krismasi, tukishashiba, tulitundika shuka kwenye stoo ya kahawa na kuwasha mashine ya mzungu.

Kwa mbio zile kila mtu alichekesha, lakini mama aliwashinda wote. Alikuja kama kuku aliyemwagiwa maji, puu, chini, halafu huyo, juu tena. Baba alicheka mpaka akajifuta machozi. Anayeendesha mashine nilikuwa mimi, mtoto wa mwisho na fundi wa nyumba, na mashine ile ilikuwa na kishikio cha kurudisha filamu nyuma. Wakipiga kelele "Rudia! Rudia!" nilikivuta. Majani yanajikusanya, mama anapaa kutoka chini, anaondoka kinyumenyume. Nampeleka mbele tena, puu. Mara tano, mara kumi, mpaka watoto waanze kukohoa kwa kicheko. Mama mwenyewe hakuwahi kukaa kutazama. Kila filamu ilipoanza alikuwa na sufuria jikoni.

Ukazaliwa na msemo kabisa. Mtu akivunja kikombe, "Haraka ya mama hiyo." Maana sote tulijua kwamba mama aliumia nyonga siku ile kwa haraka zake. Baba ndiye aliyesema hivyo, kaka akaupokea wimbo, na mama hospitalini alipoulizwa alijibu, "Nilianguka." Amechechemea tangu siku hiyo hadi leo, na sasa anakaribia miaka tisini.

Baba alifariki zamani. Tumemzika kihambani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, kama tunavyozika watu wetu. Mwaka huu kaka akajitokeza kutoka Dar na mafundi na marumaru nyeusi. Kaka yangu ni mtu anayeongea kana kwamba kila siku yuko mbele ya kipaza sauti. Hakuomba ushauri. Alilifumua kaburi la saruji akalijenga upya, pana mara mbili, upande mmoja na jina la baba na upande wa pili mtupu.

Mama aliletwa kwenye kiti kuona. Akatazama, akauliza, "Huu upande ni wa nani?"

"Ni wako, mama," kaka akasema, amefura kwa furaha. "Mtalala pamoja."

"Mimi silali hapo. Nikifa mnilaze kule juu, kwenye mfereji wa maji."

Kaka akacheka kidogo, kile kicheko cha kumhurumia mtu. "Mama, mke analala na mumewe. Ukoo utasema nini? Umri umekwenda, mama, mambo mengine tuachie sisi."

Nilikuwa na mwiko wa fundi mkononi, na Mungu anisamehe nilichotaka kuufanyia. Lakini nilijua sina nguvu. Nyumba na kihamba ni vyangu, mtoto wa mwisho, ndiyo desturi yetu. Siku ya msiba, hata hivyo, ukoo haumsikilizi mtoto wa mwisho. Humsikiliza mkubwa. Mama angefumba macho asubuhi, na jioni kaka angekuwa ameshatoa maelekezo.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea mama sukari na majani ya chai. Hakushukuru. Akaniuliza, "Ile mashine ya mzungu iko wapi?"

"Darini, mama."

"Itengeneze."

"Nzima ile. Desemba iliyopita si tuliiwasha?"

"Si nzima. Sisi hatukuwa tunakwenda vile."

Nikamuuliza ana maana gani. Akanitazama kama ninavyowatazama wenye hoteli. "Wewe ni fundi au muuza maneno? Nataka iende kama tulivyokwenda. Kaka yako akija, iwe tayari."

Basi nikaishusha Moshi, imefungwa kwenye kanga kuukuu, nikaiweka mezani, nikafungua skrubu zake moja moja. Ndani grisi ilikuwa imegeuka nta. Nikaisafisha kwa mafuta ya taa na brashi, nikatia mafuta mepesi ya cherehani. Mkanda ulikuwa umekauka unakatika ukiukunja, nikaweka mpya wa kipimo kile kile. Nikawasha. Mbio zilikuwa pale pale, na sasa kwa kuwa inateleza vizuri, ikazidi.

Nikakigeuza kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo. Kinazunguka kulia, kinazunguka kushoto, mashine haina habari. Nikafungua upande wa nyuma. Kumbe ule waya mwembamba uliosukwa kwenye kigae, ambao kazi yake ni kuupunguzia mota umeme, umeungua siku nyingi, na juu yake mtu amepitisha waya mmoja, huku na huku, amelehemu. Dairekti.

Nilimtukana mtu yule. Nilimtukana yeye na ujinga wake na mikono yake, nikamtukana baba aliyemlea na mama aliyemzaa. Muuza viatu wa kibanda cha jirani akaja kuchungulia kama napigana na mteja. Kisha nikavuta taa karibu ili nikate ule uchafu, nikauona waya wenyewe. Ulikuwa mwekundu wenye mstari mweupe. Redio ya baba, ile niliyoiua nilipokuwa najifunza ufundi, ilikuwa na waya mwekundu wenye mstari mweupe. Na lehemu ilikuwa donge kubwa kama punje ya hindi, kama madonge yangu yote ya wakati ule.

Nikakaa chini. Nikakumbuka. Ni Krismasi ya kwanza ya umeme, wageni wameshakaa, shuka limetundikwa, nachomeka mashine, moshi unatoka, inakufa. Baba ananiangalia mbele za watu. Nikaunga harakaharaka, ikaamka, ikakimbia, watu wakaangua kicheko, na baba akanipiga begani akasema mwanangu ni fundi. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona filamu ile ikienda mwendo wake. Fundi mpuuzi niliyemtafuta ni mimi.

Kigae kama kile hakipatikani. Nilichonacho ni pedali ya cherehani ya umeme, ile ya kukanyaga kwa mguu. Kazi yake ni hiyo hiyo, kuupa mota umeme kidogo au mwingi. Nikaiunga. Sasa mwendo ukawa kwenye mguu wangu.

Lakini mwendo gani? Filamu za aina ile hupigwa picha kumi na sita kwa sekunde. Nikakata kipande cha filamu tupu chenye picha themanini, nikakiunganisha kikawa duara, nikakitia nukta ya rangi ya kucha. Ikienda sawa, nukta hupita mara moja kila sekunde tano. Nikiikanyaga pedali mpaka mwisho, kama ilivyokuwa kwa dairekti, inapita kwa tatu. Nikakanyaga, nikaangalia saa, nikakanyaga, mpaka mguu ukajua wenyewe.

Hata hivyo siziamini hesabu peke yake. Kamera ya mzungu ilikuwa ya kujazwa kwa ufunguo, na nani anajua ilikuwa na tabia gani? Watu pia siwaamini, maana mtu akijua anapigwa picha hubadili hata anavyotembea. Nikatafuta kitu kinachoanguka. Nikanunua mkungu sokoni, nikaupandisha begani kama mjomba kwenye filamu, nikauachia udondoke mbele ya kibanda, mara tatu, nikitazama. Muuza viatu sasa alikuwa na hakika kwamba nimepagawa. Nikarudi ndani nikamtazama mjomba akiutupa wa kwake. Ulianguka kama wa kwangu. Mkungu wa ndizi hauna sababu ya kumdanganya mtu.

Nikaiacha filamu iendelee.

Mama alipotokea njia ya chini sikumtambua. Hakuwa na haraka yoyote. Alikuja taratibu, shingo imenyooka chini ya mzigo, anaweka mguu, anaweka mwingine, msichana mwenye nguvu aliyechoka. Baba alimwona tangu mbali, na kwa mwendo huu alikuwa na muda mwingi. Akampa jirani yake kata ya mbege. Akafuta midomo. Akasogeza kigoda. Akamwambia jirani neno, jirani akatabasamu. Kisha akanyoosha mguu njiani, akauacha pale, akasubiri.

Mwenye mzigo kichwani haoni miguu ya watu. Mama akaanguka kwa ubavu, kwenye nyonga. Wanaume wakafungua vinywa kucheka. Kaka, yule mtoto, akautazama mguu, akamtazama mama, akautazama uso wa baba, akaona anacheka, naye ndipo akacheka. Mama akakaa kwenye majani. Alikaa sana. Akaitazama kamera moja kwa moja, na mzungu naye akaendelea kupiga. Ndipo akajivuta, akainuka.

Kwa mbio zangu yote hayo yalikuwa kufumba na kufumbua.

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi namsema. Nilimchukia baba pale pale kwenye meza yangu ya kazi, kwa ule mguu, na zaidi kwa kufuta midomo kwanza. Nikamchukia na kaka kwa marumaru zake. Nilifunga kibanda, nikaanza kuhesabu siku za Desemba.

Siku ya pili ya Krismasi, mchana, tukaziba dirisha la stoo ya kahawa kwa blanketi, tukatundika shuka. Tulikuwa kama watu kumi na watano, wana, wakwe, wajukuu. Mama akaagiza kiti chake kiwekwe mbele kabisa. Watu wakatazamana. Kaka akauliza, "Leo huna sufuria, mama?" Mama akaielekezea mashine fimbo yake.

Nikawasha. Mjomba akautupa mkungu wake. Mjukuu mmoja, kijana wa Dar, akasema, "Anko, mbona imepoa hivi? Ilikuwa inachekesha kinoma."

"Inachechemea kama mgonjwa," kaka akasema. "Ongeza."

"Huu ndio mwendo wake."

"Ongeza bwana! Unatuharibia sikukuu."

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali. Ningekanyaga kidogo tu, kila mtu angecheka, tungekula nyama. Mama alikuwa hatua mbili mbele yangu, nauona mgongo wake. Sikukanyaga. "Mdogo wangu, unanisikia?" Nilimsikia vizuri sana. Kwenye shuka mama akatokea njia ya chini.

Baba alipotoa kata, wakaanza kunyamaza. Aliponyoosha mguu, nilisikia mtu akivuta pumzi. Mama akaanguka, mtoto mmoja akaanza kucheka kwa mazoea, akakatiza. Tukabaki na mama amekaa kwenye majani, anatutazama, mpaka akainuka, shuka likabaki jeupe.

"Ilikuwa bahati mbaya," kaka akasema. "Alikuwa ananyoosha mguu tu. Rudisha nione vizuri."

Mkono wangu, kwa mazoea ya miaka yote, ukaenda wenyewe kwenye kishikio. Sikumwona mama akigeuka. Fimbo yake ilinipata vidoleni, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Asirudishe," akasema. Kisha akamgeukia kaka. "Wewe ulikuwa umechuchumaa pale pale. Urudishiwe nini?"

Kaka akatoka nje. Mkewe akamfuata, na wengine wakaanza kutafuta viatu vyao. Hakuna aliyekula nyama kwa raha siku ile, ila mimi nilikula ya kwangu na ya kaka.

Asubuhi nilimkuta juu kwenye mfereji, amekunja suruali yake ya Dar, ana jembe. Alikuwa amepima mahali pa mtu mmoja, anapanda masale kwenye pembe nne. Sale kwetu ndio mmea wa mpaka, na ndilo jani analokwenda nalo mtu akitaka kuomba msamaha. Alipanda la nne, akalishindilia kwa mguu, hakunitazama. Nami sikumwambia pole wala asante. Mtu hasamehewi kwa kushika jembe asubuhi moja. Nilisimama nikamtazama anavyotokwa jasho, nikafurahi, nasema kweli.

Nikashuka jikoni kwa mama. Alikuwa anamenya ndizi za machalari, mguu mbovu ameunyoosha kwenye kigoda. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia. Nikamweleza kaka amepanda masale wapi, na kwamba sasa neno limekwisha, atalala anakotaka. Nilikuwa na vidole vitatu vimevimba, lakini nilijisikia mtu. Nilikuwa nimetengeneza kitu. Nikasubiri aseme jambo.

"Sasa wote wamemwona baba alivyokuwa," nikasema. "Wamemwona alivyokuangusha."

Akamaliza ndizi aliyokuwa nayo, akaitumbukiza kwenye maji, akachukua nyingine. Akavitazama vidole vyangu vilivyovimba, akanijibu kwa Kichagga, polepole, bila hasira yoyote.

"Baba yako aliniangusha mara moja tu."